Vua gwanda, rudi mgodini

Wadau, kuna kisa cha Vita Kuu ya Pili ya Dunia kimenikaa kichwani wiki nzima. Tumezoea kusikia vijana wakitolewa kazini kupelekwa jeshini. Hiki ni kinyume chake: askari wanaambiwa wavue gwanda, warudi kuchimba makaa ya mawe.

Ni Uingereza. Ufaransa ilipoangushwa na Wajerumani Juni 1940, Waingereza walipoteza soko kubwa la makaa yao. Migodi ya Wales kusini na Durham ikabaki na watu wasio na kazi. Wangekaa wakitazamana? Wengine wakaingia jeshini, wengine wakakimbilia viwanda vya silaha vilivyolipa vizuri zaidi.

Haukupita muda, makaa yakapungua. Bila makaa hakuna umeme, hakuna chuma, treni haziendi. Juni 1941 Waziri wa Kazi, Ernest Bevin, akawaomba redioni waliowahi kuwa wachimbaji warudi kwa hiari. Alitaka watu 50,000. Mwaka 1942 serikali ikakubali baadhi yao watolewe jeshini. Lakini jeshi gani litaachia kirahisi askari liliyemfundisha?

Hawakutosha. Desemba 1943 Bevin akaanzisha bahati nasibu: kijana aliyeitwa jeshini, namba yake ikiishia na tarakimu iliyochaguliwa, anapelekwa mgodini, atake asitake. Karibu vijana 48,000 wakawa "Bevin Boys". Hawakuwa na sare, hivyo mitaani polisi waliwasimamisha wakidhani wametoroka jeshi. Wa mwisho waliachiwa 1948, bila medali. Beji ya kuwatambua ilikuja 2008, wakati wengi wameshazikwa.

Hapo ndipo kisa kinaponigusa. Sisi tuna wazee wetu wa KAR waliopigana hadi Burma. Tunalalamika kwamba wamesahauliwa, na ni kweli. Ila angalau walivaa sare, picha zao zipo. Mchimbaji alibeba vita ileile chini ya ardhi, akatoka na kikohozi na jina la mtoro.

Kosa halikuwa la wachimbaji. Serikali iliwaacha waondoke siku ilipowaona hawana faida, kisha ikawataka kwa amri. Thamani ya mfanyakazi huonekana akishaondoka.

Je, leo hapa kwetu ni nani tunawaachia waondoke, tutakaokuja kuwaita redioni kesho? Nawasilisha.