Pengo na Sifuri: Historia ya Vitendaji Saidizi vya Safu katika JavaScript na Ujumlishaji wa Taarifa za Zahanati Wilayani Hanang

Historia ya lugha za programu imezoeleka kuandikwa kama historia ya kasi: nani alifupisha msimbo, nani aliurahisisha. Makala haya yanafuata mkondo mwingine. Yanadai kwamba vitendaji saidizi vya safu katika lugha ya JavaScript, yaani vile vipande vidogo vya programu vinavyopewa orodha ya thamani ili kuipitia, kuichuja, kuipanga au kuijumlisha, vimetoa tangu 1996 majibu yanayopingana kwa swali moja: kisanduku kisicho na kitu kihesabiwe vipi? Kwa mwandishi wa programu hilo ni suala la kanuni za lugha. Kwa anayejumlisha taarifa za afya za wilaya, ni suala la kama zahanati iliyonyamaza itaonekana au itafichika.

Kata ya Masakta, katika Mkoa wa Manyara, inafaa kuwa mfano kwa sababu iko mwanzoni mwa safari ya takwimu. Katika Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kama MTUHA, ulioanza kutumika nchini miaka ya 1990, mhudumu wa zahanati huandika kila mgonjwa katika rejista, huhesabu kwa vistari kwenye karatasi ya kujumlishia, kisha hujaza ripoti ya mwezi inayopelekwa wilayani; kwa Hanang, wilayani ni Katesh. Kazi hiyo ina hatua zilezile ambazo vitendaji vya safu vilikuja kuzipa majina. Kutoa wagonjwa wa malaria miongoni mwa wagonjwa wote ni kuchuja, ambako JavaScript hukuita filter. Kugeuza kila mstari wa rejista kuwa kistari kimoja ni map. Kukusanya vistari kuwa namba moja ni reduce. Karani wa MTUHA alizifanya hatua hizi kwa kalamu kabla hazijaandikwa katika sanifu yoyote ya lugha hiyo. Tena aliweza kufanya jambo ambalo mashine huhitaji kuamriwa: alipokuta ukurasa mtupu, aliweza kuuliza kama hakukuwa na mgonjwa au hakukuwa na mwandishi.

JavaScript iliundwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwezi Mei 1995, kwa muda wa siku kumi hivi. Toleo la kwanza, lililotoka katika kivinjari cha Navigator 2, halikuwa na safu za kujitegemea. Aliyetaka orodha alilazimika kujitengenezea, na Netscape yenyewe ilifundisha namna ya kufanya hivyo kwa kitendaji kifupi kilichoitwa MakeArray. Hicho kinastahili kuitwa babu wa vitendaji saidizi vyote vya safu, na tabia yake ni ya kuzingatiwa: kilihesabu nafasi kuanzia moja, na katika kila nafasi kilitia sifuri. Safu mpya haikuwa na pengo hata moja. Kila zahanati, kwa kusema hivyo, ilizaliwa ikiwa imesharipoti kwamba haina mgonjwa.

Navigator 3, ya Agosti 1996, iliondoa haja ya ufundi huo kwa kuleta safu halisi pamoja na vitendaji vya join, reverse na sort. Safu iliyoundwa kwa kutajiwa urefu tu sasa ilikuwa na nafasi tupu. Hayo ni mabadiliko makubwa yaliyopita kimya kimya: lugha ilikubali kuwa na mashimo, lakini haikueleza yashughulikiwe vipi. Miaka iliyofuata iliongeza zana bila kulijibu swali hilo. Kuongeza na kuondoa vipengele kwa push na pop kulikuja na Navigator 4 mwaka 1997 na kuingia katika sanifu ya ECMAScript ya Desemba 1999, ilhali Internet Explorer 5 ilikuwa bado haina push, hivyo waandishi wa programu wakaendelea kujishonea viraka.

Mwaka 2005 Sam Stephenson alitoa maktaba ya Prototype, iliyovichomeka vitendaji vyake moja kwa moja katika asili ya safu zote. Wazo lilikuwa jema, ila lilikuwa na kichekesho chake: msimbo wa zamani uliopitia safu kwa kitanzi cha for…in ulianza kukutana na vitendaji hivyo kana kwamba ni vipengele vya orodha. Ni sawa na karani kuihesabu kalamu yake miongoni mwa wagonjwa.

Jibu la kwanza la wazi kuhusu mapengo lilikuja Novemba mwaka huohuo, Firefox 1.5 ilipoleta forEach, map, filter, some, every na indexOf. Mwaka 2008 Firefox 3 iliongeza reduce, na sanifu ya ECMAScript 5 ya Desemba 2009 ikaviidhinisha vyote. Kanuni yao ilikuwa kulikwepa shimo: nafasi tupu haiitiwi kitendaji kabisa. Uamuzi huo unaonekana wa busara mpaka uwekwe kwenye hesabu. Chukua safu ya kubuni ya zahanati tatu, ya kwanza yenye wagonjwa 12, ya pili haikuleta ripoti kwa kuwa mvua imekata njia, ya tatu yenye 9. Kitendaji cha reduce kinaliruka pengo na kurudisha 21, jibu lililo sahihi kwa yaliyoripotiwa. Lakini sifa ya length inalihesabu pengo na kurudisha 3. Anayegawa kimoja kwa kingine anapata wastani wa 7, ilhali zahanati mbili zilizoripoti zina wastani wa 10.5. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Zahanati iliyokosekana imehesabiwa kama yenye sifuri, bila mtu yeyote kuandika sifuri.

Sanifu ya Juni 2015 ilibadili msimamo. Vitendaji vipya kama find na findIndex, pamoja na kitanzi cha for…of, vinalitembelea pengo na kulisoma kuwa undefined, yaani thamani isiyojulikana. Mwaka 2016 includes ikafuata njia hiyohiyo, kiasi kwamba includes na indexOf zikiulizwa swali moja kuhusu safu moja yenye shimo zinaweza kujibu tofauti. Vitendaji vya zamani havikurekebishwa, kwa kuwa kamati ya sanifu hujizuia kuvunja kurasa zilizokwisha kuandikwa. Lugha moja ikabaki na mila mbili: ya 2005 inayonyamazia pengo na ya 2015 inayolitaja. Mila ya pili ina faida ambayo haisifiwi vya kutosha. Anayejumlisha kwa for…of akikutana na undefined, jumla nzima inageuka kuwa NaN, yaani si namba. Matokeo hayo yanaudhi, lakini yanamlazimisha mtu kuuliza nani hakuripoti. Thamani ya null, kwa upande wake, hujumlishwa kama sifuri bila malalamiko, na kwa sababu hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote.

Tofauti hizi ziliingia katika utawala wa afya nchini kupitia mfumo wa DHIS2, uliotengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo na kusambazwa Tanzania kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hadi ulipofika mikoa yote kufikia mwisho wa 2013. Ujumlishaji mkuu katika DHIS2 hufanywa kwenye seva, si kwa JavaScript. Hata hivyo fomu za kuingizia data, majedwali na programu za ziada huendeshwa ndani ya kivinjari, na hapo ndipo safu hushikwa. Mfumo wenyewe, kwa chaguo-msingi, hauhifadhi sifuri isipokuwa kipengele cha data kimewekewa alama ya kuihifadhi; ukamilifu wa ripoti hupimwa kando. Maana yake ni kwamba sifuri iliyoandikwa kwa uaminifu zahanatini inaweza kufika kwenye safu ya programu ikiwa pengo, na kitendaji kitakachochaguliwa ndicho kitakachoamua hatima yake. Hata kupanga kuna mtego wake: sort isiyopewa kigezo hulinganisha namba kama maneno, hivyo 700 hutangulia 80, na 80 hutangulia 9. Orodha ya zahanati zinazohitaji dawa haraka ikipangwa hivyo, yenye wagonjwa 9 itaonekana kuizidi yenye 700.

Sanifu ya 2023 ilileta toSorted na wenzake, ambao hurudisha nakala badala ya kuivuruga safu asilia, na ambao wote huyasoma mapengo kuwa undefined. Ya 2024 ikaongeza Object.groupBy. Programu ikiitumia kuzipanga rekodi za Hanang kwa kata, rekodi isiyo na jina la kata haitupwi wala haichanganywi na za Masakta. Inawekwa katika kundi lake yenyewe, lenye jina undefined, na kundi hilo linakaa kwenye matokeo pamoja na kata nyingine.