Maikrofoni za Kondensa za Zamani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuzifanyia Mabadiliko

Maikrofoni ya kondensa iliyotengenezwa miaka 50 au 60 iliyopita inaweza bado kufanya kazi kila siku katika studio ya kurekodi. Siku inapoanza kutoa mvumo, kufifisha sauti au kukatika katikati ya kazi, mmiliki wake hukabiliwa na uamuzi mgumu: airejeshe katika hali yake ya awali, aibadilishe ili ikidhi mahitaji ya sasa, au aiache kama ilivyo na kutafuta nyingine. Uamuzi huo ni mzito kwa kuwa baadhi ya vipuri vya maikrofoni hizo havitengenezwi tena, na kosa la dakika chache kwenye meza ya fundi linaweza kuondoa kitu ambacho fedha haiwezi kukirudisha.

Makala haya yanafafanua misingi ya kufikia uamuzi huo, kwa kutumia mfano wa maikrofoni mbili mashuhuri za kampuni ya Neumann ya Ujerumani: U 47, iliyoingia sokoni mwaka 1949, na U 87, iliyoanza kuuzwa mwaka 1967.

Namna maikrofoni ya kondensa inavyofanya kazi

Moyo wa maikrofoni ya kondensa ni kapsuli. Ndani yake kuna utando mwembamba sana wa plastiki uliopakwa dhahabu, ambao huwekwa karibu na bamba la chuma na kupewa chaji ya umeme. Sauti inapoutikisa utando, umbali kati yake na bamba hubadilika, na badiliko hilo huzaa ishara ndogo ya umeme. Ishara hiyo ni dhaifu kiasi kwamba haiwezi kusafiri kwenye waya mrefu bila kusaidiwa. Kwa sababu hiyo, ndani ya maikrofoni huwekwa kikuza sauti kidogo, chenye vali katika maikrofoni za awali au transista katika zilizofuata, pamoja na transfoma ya kuipeleka ishara nje.

Sehemu hizo hazifanyi kazi kila moja peke yake. Wabunifu walizipanga ili kasoro ya moja irekebishwe na nyingine. Anayebadilisha sehemu moja hubadilisha mizani ya kifaa kizima, hata kama kipuri kipya ni bora kinapopimwa peke yake.

Matengenezo, urejeshaji na ubadilishaji

Mambo haya matatu mara nyingi huchanganywa, na mchanganyiko huo ndio chanzo cha hasara nyingi. Matengenezo ni kuondoa hitilafu: kusafisha soketi, kubadilisha waya uliokatika au kapasita iliyochoka kwa nyingine yenye kipimo kilekile. Urejeshaji ni kukirudisha kifaa karibu iwezekanavyo na hali kilichotoka nayo kiwandani. Ubadilishaji ni kukifanya kifaa kuwa tofauti na kilivyobuniwa, kwa mfano kuongeza nguvu ya ishara, kuondoa transfoma au kubadilisha mwitikio wa sauti nyembamba.

Maikrofoni inayotoa mvumo inahitaji matengenezo, wala si lazima ibadilishwe. Mmiliki anayeikabidhi kwa fundi bila kubainisha anachotaka anaweza kurudishiwa kifaa kisicho na hitilafu ile, lakini kisichokuwa tena kifaa alichokuwa nacho.

Mfano wa kwanza: U 47 na vali isiyopatikana

U 47 ilitumia vali ya VF14, iliyofungwa ndani ya ganda la chuma na kutengenezwa na Telefunken. Kwa kawaida vali hiyo ilikusudiwa kupashwa joto kwa volti 55, lakini ndani ya U 47 ilipewa takriban volti 36, na saketi nzima ilijengwa juu ya tabia hiyo. Zaidi ya hayo, vali zilizofaa kwa maikrofoni zilichaguliwa kwa kupimwa, kwani si kila moja ilikuwa na utulivu uliotakiwa.

Utengenezaji wa VF14 ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1950. Akiba ilipopungua, kampuni yenyewe ilitoa njia mbadala ya kutumia vali ndogo ya aina ya nuvista. Kwa wakati huo, hatua hiyo ilikuwa na mantiki: studio zilihitaji kifaa kinachofanya kazi, na U 47 ilikuwa bado chombo cha kawaida cha kazi. Leo, U 47 yenye vali yake ya awali inathaminiwa zaidi kuliko iliyobadilishwa, na wamiliki wa maikrofoni zilizobadilishwa huhangaika kutafuta vipuri ambavyo pengine viliwahi kutupwa jalalani.

Kapsuli ya awali ya maikrofoni hiyo, M7, inatoa funzo jingine. Utando wake ulitengenezwa kwa plastiki ya PVC, ambayo hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Kapsuli ya K47 iliyoirithi ilitumia utando wa poliesta, unaodumu zaidi. Kwa hiyo mwenye U 47 ambayo kapsuli yake imekufa hana budi kuchukua hatua. Hata hivyo, kapsuli ya zamani inapaswa kufungwa vizuri na kuhifadhiwa pamoja na maikrofoni yake.

Mfano wa pili: U 87 na tamaa ya kuiboresha

U 87 huleta swali la aina nyingine. Haina vali, hutumia transista na umeme wa volti 48 unaopita kwenye waya uleule wa sauti. Mwaka 1986 kampuni ilitoa toleo jipya, U 87 Ai, ambalo ndani yake huongeza umeme wa kapsuli hadi volti 60. Kwa sauti inayotoka mbele, toleo la zamani hutoa milivolti 8 kwa kila paskali ya shinikizo la sauti, ilhali jipya hutoa milivolti 28. Tofauti hiyo inazidi kidogo desibeli 10.

Tofauti hiyo huwashawishi wamiliki wa U 87 ya zamani kutaka nguvu ya toleo jipya. Kabla ya kufanya hivyo, yafaa kujiuliza iwapo tatizo halisi liko ndani ya maikrofoni. Kikuza sauti chenye ubora, kilicho nje ya maikrofoni, kinaweza kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo bila kugusa waya hata mmoja.

Badiliko jingine linalopendwa ni kuondoa sehemu ya saketi inayopunguza sauti nyembamba, kwa matumaini ya kupata sauti angavu zaidi. Hapa upo mtego. Kapsuli ya U 87 kwa asili yake hukuza sana sauti nyembamba, na saketi ilibuniwa makusudi ili kulipunguza ongezeko hilo. Sehemu hiyo ikiondolewa, herufi kama “s” na “sh” katika uimbaji au usomaji wa habari huweza kuwa kali na kuchosha sikio. Anayetaka mwanga kidogo katika sauti anaweza kuupata kwa kirekebisha sauti cha studio, ambacho hurudishwa kilipokuwa kwa kugeuza kitufe.

Hatua za kufuata kabla ya kufungua maikrofoni

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba maikrofoni ndiyo yenye hitilafu. Kelele inaweza kutoka kwenye waya, soketi, kisanduku cha umeme au kikuza sauti. Maikrofoni nyingine ijaribiwe kwenye waya na njia ileile, kisha matokeo yalinganishwe.

Hatua ya pili ni kuchunguza unyevu. Saketi za maikrofoni hizi zina ukinzani mkubwa mno, kiasi kwamba unyevu mdogo au mafuta ya kidole yanaweza kuruhusu umeme kuvuja na kusababisha mlio wa kukwaruza. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi, maikrofoni iliyohifadhiwa vibaya inaweza kuonekana mbovu ilhali inahitaji kukaushwa tu. Kuihifadhi ndani ya sanduku lenye vifuko vya kufyonza unyevu, na kuweka kizuizi cha pumzi mbele yake wakati wa kurekodi, ni kinga nafuu.

Hatua ya tatu ni kuweka kumbukumbu. Namba ya kifaa iandikwe, picha za ndani zipigwe kabla ya lolote kuguswa, na sauti ya mtu mmoja irekodiwe kwa umbali uleule kabla na baada ya kazi. Bila ushahidi huo, hakuna anayeweza kusema kwa hakika iwapo kifaa kimeboreka au kimeharibika.

Aidha, usalama ni wa lazima. Visanduku vya umeme vya maikrofoni za vali hutoa zaidi ya volti 100, na kapasita zake huweza kubaki na chaji hata baada ya umeme kuzimwa. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye ujuzi. Utando wa kapsuli nao usiguswe wala kufutwa na mmiliki, kwani huchanika kwa urahisi.

Kigezo kikuu: je, hatua hiyo inaweza kutenguliwa?

Wataalamu wa uhifadhi wa vitu vya kale huongozwa na kanuni kwamba hatua inayochukuliwa iwe ndogo kadiri iwezekanavyo, na iweze kutenguliwa. Kanuni hiyo inafaa pia kwa maikrofoni. Mfano rahisi ni soketi. Baadhi ya maikrofoni za zamani zina soketi za Kijerumani zisizolingana na nyaya za sasa. Kutoboa ganda ili kuweka soketi mpya hakutenguliki. Kutengeneza waya wa kuunganisha aina hizo mbili huleta matokeo yaleyale, na kifaa hubaki kama kilivyokuwa.

Hii haimaanishi kwamba ubadilishaji ni kosa wakati wote. Maikrofoni ambayo tayari imepoteza vipuri vyake vya awali, au ambayo haiwezi kufanya kazi kwa njia nyingine yoyote, inaweza kupewa uhai mpya kwa mabadiliko yaliyofikiriwa vyema. Studio inayoitegemea kupata riziki ina haki ya kutaka kifaa kinachofanya kazi. Vilevile, anayetaka kujifunza ufundi huo anaweza kuanza na maikrofoni mpya za bei nafuu. Na anayetamani sauti tofauti anaweza kugundua kwamba kununua kifaa kingine ni busara zaidi: mwaka 2018 Neumann yenyewe ilirudisha sokoni U 67, maikrofoni ya vali iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1960.

Kwa vifaa vinavyomilikiwa na taasisi za umma, zikiwamo redio, vyuo na vituo vya nyaraka, uamuzi haupaswi kuachwa mikononi mwa fundi peke yake. Kifaa hicho ni mali ya umma, na badiliko lolote lifanyike kwa idhini ya maandishi na kuingizwa katika daftari la mali.

Vipuri vyote vilivyoondolewa virudishwe kwa mwenye maikrofoni, vikiwa vimefungwa na kuandikwa majina. Fundi mwingine, miaka 20 ijayo, huenda akavihitaji.