Maslahi ya Mwandishi katika Historia ya Kericho

Kamusi elezo ya Wikipedia, iliyoanzishwa mwaka 2001, humtaka mhariri mwenye maslahi katika jambo ayatangaze, na afadhali apendekeze masahihisho katika ukurasa wa majadiliano kuliko kuyatia mwenyewe. Sharti hili ni jema. Hebu tulipime kwa Kericho.

Meneja wa shamba la chai akiandika habari za shamba lake, maslahi yake hayana kificho. Mzee wa ukoo wa Talai, ambao serikali ya kikoloni iliuhamishia Gwassi kwa sheria ya mwaka 1934, naye ana maslahi; tena ushuhuda wake wa mdomo haupokelewi, maana haukuchapishwa. Abaki basi mhariri wa mbali, asiye na shamba wala ukoo. Huyo atategemea maandishi, na miongoni mwayo ni taarifa ya Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoteuliwa mwaka 1932, ambayo ilipima pia madai ya Wakipsigis. Wajumbe wake walikuwa nani? Sir Morris Carter, jaji. Hemsted, aliyekuwa afisa wa utawala. Na Kapteni Wilson, mlowezi. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Mlowezi, basi, aliketi kupima madai juu ya ardhi ya walowezi, na hakuna aliyemtaka ajiondoe.

Hivyo mhariri wetu mwadilifu huyachukua maslahi ya Wilson pasipo kujua, na tanbihi zake zote ni sahihi.

Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu madai ya Wakipsigis na Watalai. Barua hiyo imechapishwa. Kwa hiyo mzee wa Talai aweza sasa kunukuliwa, lakini kwa kupitia Geneva.