Upasuaji wa pafu: Njia ya mwisho kwa walioathiriwa na kifua kikuu

KIFUA kikuu hutibiwa kwa dawa, na wagonjwa walio wengi hupona bila kufanyiwa upasuaji. Hata hivyo, wapo wachache ambao bakteria hufa lakini pafu hubaki limeharibika. Kwa hao, madaktari huweza kulazimika kuondoa sehemu ya pafu au pafu zima la upande mmoja.

Madhara yenyewe hutofautiana. Tundu lililoachwa na ugonjwa huweza kuota kuvu, na mishipa ya damu iliyo kandokando yake ikipasuka, mgonjwa hukohoa damu nyingi kiasi cha kuhatarisha maisha. Wengine mirija yao ya hewa hutanuka na kujaa usaha, ama pafu husinyaa na kuacha kufanya kazi. Upasuaji hufikiriwa pia kwa baadhi ya wenye kifua kikuu sugu, iwapo ugonjwa umebaki sehemu moja.

Kabla ya kugunduliwa kwa dawa ya streptomaisini mwaka 1943, wapasuaji waliondoa mbavu ili pafu linywee na kupumzika. Mwaka 1931, Rudolf Nissen alifanikiwa kuondoa pafu zima nchini Ujerumani.

Binadamu huweza kuishi na pafu moja, mradi lililobaki ni zima. Kwa sababu hiyo, mgonjwa hupigwa picha za kifua na kupimwa uwezo wa kupumua kabla ya upasuaji. Hatari zake ni kuvuja damu, usaha kifuani na kuachia kwa mshono wa mrija wa hewa. Aidha, upasuaji hauchukui nafasi ya dawa. Mwenye kifua kikuu ambacho hakijaisha huendelea kuzimeza hadi amalize.

Kwa mkazi wa Msanzi, mkoani Rukwa, umbali ni hatari nyingine. Kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, ni zaidi ya kilometa 300, safari ndefu kwa anayekohoa damu.

Kinga iliyo karibu ni kupima makohozi mapema. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kufika kituo cha afya, ambako vipimo na dawa hutolewa bila malipo. Tiba ya kawaida huchukua miezi sita. Kuikatisha baada ya kupata nafuu huupa ugonjwa nafasi ya kurudi na kulila pafu, nalo likishaondolewa halioti tena.