Kutoka Walengwa hadi Wamiliki: Historia ya Dhana za Usimamizi katika Makazi ya Nakivale na Mbarara, 1958 hadi Sasa

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya dhana nne za usimamizi wa kisasa, yaani mradi, kujitegemea, uendelevu na miliki bunifu, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Hoja yake ni kwamba dhana hizo zilifika kwa Kiingereza cha ofisini wakati ambapo wakimbizi tayari walikuwa na taratibu zao za kusimamia mali, kazi na dhamana. Kiswahili, ambacho ni lugha ya soko na ya ukalimani katika makazi hayo, kilizipokea na kuzibadili maana. Makala inaonyesha kuwa pengo kati ya maana ya ofisini na maana ya sokoni lina athari kwa sera, na inapendekeza namna ya kuliziba.

1. Utangulizi

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe zaidi barani Afrika. Yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, Wanyarwanda walipokuwa wakikimbia machafuko yaliyofuatia mapinduzi ya 1959. Kwa miongo mingi makazi hayo yalikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbarara, hadi Isingiro ilipomegwa na kuwa wilaya mwaka 2005. Hata baada ya hapo, ofisi za kanda za Ofisi ya Waziri Mkuu na za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) ziliendelea kuwa Mbarara, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020. Hivyo Mbarara ni mahali ambapo mipango huandikwa na Nakivale ni mahali ambapo mipango hiyo huishi au hufa.

Wakazi wa Nakivale, ambao idadi yao inapita 100,000, wametoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Kati ya Wakongo na Warundi, na kati yao na wafanyabiashara wengi wa mataifa mengine, Kiswahili ndicho kiungo. Jambo hili ni la kuzingatiwa katika nchi ambayo historia ya Kiswahili imejaa mashaka. Lugha hii ilihusishwa na jeshi, ikatangazwa lugha ya taifa kwa amri ya mwaka 1973 chini ya Idi Amin, ikapewa nafasi ya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya 2005, na ikaagizwa na Baraza la Mawaziri mwaka 2022 kuwa somo la lazima shuleni. Wakati sera hizo zikijadiliwa Kampala, Nakivale ilikuwa tayari inauza, inakopa na kusuluhisha migogoro kwa Kiswahili.

2. Ardhi, ng'ombe na kutokuwa na uhakika

Historia ya usimamizi wa Nakivale haikuanzia kwenye nyaraka za miradi. Wakimbizi wa kwanza walifika na ng'ombe, na kusimamia ng'ombe ni elimu kamili: kupanga malisho, kugawana kazi, kukadiria hatari, na kuweka mifugo kwa jamaa na marafiki ili janga moja lisimalize zizi zima. Sheria ya mwaka 1960 ya kudhibiti wakimbizi wageni ililenga udhibiti, kama jina lake linavyosema. Mkimbizi alikuwa mtu wa kuwekwa mahali na kuhesabiwa.

Matukio mawili yanaonyesha udhaifu wa mtaji uliojengwa chini ya masharti hayo. Oktoba 1982, katika Wilaya ya Mbarara, Wanyarwanda wengi, wakiwemo wasiokuwa wakimbizi kabisa, walifukuzwa makwao. Makumi ya maelfu walivuka mpaka kuingia Rwanda, na makumi ya maelfu wengine walisukumwa ndani ya makazi ya Nakivale na Oruchinga. Nyumba na mifugo ilipotea. Julai 2010, zaidi ya Wanyarwanda 1,700 waliondolewa Nakivale na Kyaka na kurudishwa Rwanda kwa malori, katika operesheni iliyolaaniwa na UNHCR. Katika matukio yote mawili, kazi ya miaka ilifutika kwa siku chache.

Kwa mtafiti wa usimamizi, funzo ni la msingi. Vitabu vya fani hii hudhani kwamba anayepanga leo atakuwapo kesho kuvuna. Nakivale dhana hiyo haina uhakika. Uchaguzi wa mkimbizi wa kuwekeza katika bidhaa inayouzika haraka kuliko katika mti wa matunda huonekana ofisini kama ukosefu wa maono ya muda mrefu. Ukitazamwa kwa kumbukumbu ya 1982 na 2010, ni usimamizi makini wa hatari.

3. Kujitegemea: neno moja, historia mbili

Mwaka 1999 Serikali ya Uganda na UNHCR zilibuni Mkakati wa Kujitegemea kwa ajili ya wilaya za kaskazini-magharibi zilizowapokea Wasudani. Mkakati ulikusudia kwamba kufikia 2003 wakimbizi waweze kulima au kununua chakula chao wenyewe, na huduma zao ziunganishwe na za wilaya. Fikra zake zilienea nchini kote, Nakivale ikiwemo, na zilipata nguvu ya kisheria katika Sheria ya Wakimbizi ya 2006, iliyompa mkimbizi haki ya kujishughulisha na kilimo, viwanda, kazi za mikono na biashara, na ya kuanzisha kampuni. Mwaka 2017 Uganda ilianza kutekeleza Mfumo Kamili wa Kushughulikia Wakimbizi, uliotokana na Azimio la New York la 2016.

Mkalimani aliyehitaji neno la Kiswahili kwa mkakati huo hakuwa na shida: kujitegemea lilikuwapo. Lakini lilikuwa na historia. Katika Azimio la Arusha la 1967, anayejitegemea ndiye aliyeamua kujitegemea; kiambishi *-ji-* kinamfanya mtenda na mtendwa kuwa mmoja. Katika mkakati wa 1999, aliyeamua ni mwingine, na kipimo cha mafanikio kiliambatana na kupungua kwa mgao wa chakula. Umbo la neno ni lilelile, lakini mamlaka iliyo nyuma yake imehama.

Tofauti hiyo ilionekana wazi zaidi pale Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza mwaka 2023 kugawa wakimbizi nchini Uganda katika makundi kwa kiwango cha uhitaji na kupunguza misaada. Kwa mwenye duka, kujitegemea kunaweza kuwa sifa. Kwa mama mwenye kipande kidogo cha ardhi kilichochoka, neno hilohilo linaweza kusikika kama taarifa ya kusitishiwa msaada. Mshauri wa sera anayelitumia bila kujua lina masikio mawili atashangaa kwa nini mkutano umenyamaza.

4. Mradi na sanduku

*Mradi* linatokana na Kiarabu, likiwa na maana ya kusudi au kinachotakiwa. Maana hiyo bado iko katika matumizi ya kila siku: *mradi ufike* ni sharti la nia. Katika lugha ya maendeleo, neno lilipewa mwanzo, mwisho, bajeti na fomu. Pamoja nalo yalikuja *mfadhili*, lenye fadhila ndani yake, na *walengwa*, ambalo kisarufi ni kauli ya kutendwa: watu waliokusudiwa na mlengaji mwingine. Katika sentensi ya kawaida ya taarifa ya mradi, mkimbizi hayuko mahali pa mtenda.

Hali hii haikutokana na utupu wa taratibu. Wanyarwanda walikuja na *ikimina*, Wakongo na *likelemba*, Wasomali na *hagbad*, Waethiopia na *iqub*. Majirani zao wa Ankole walikuwa na vyama vya *engozi*, vilivyoanzia kwenye machela ya kubebea wagonjwa na kupanuka kuwa vyama vya kusaidiana. Afrika Mashariki yenye Kiswahili ina *upatu* na *chama*. Misingi inafanana: wanachama wanaofahamiana, mchango wa kiwango kimoja, zamu inayojulikana, na aibu kama adhabu ya anayevunja ahadi.

Juu ya misingi hiyo ulikuja utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa, ulioanzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991 na kuenea hadi Uganda. Wanachama hununua hisa katika mkutano, hukopa kwa riba waliyoipanga wenyewe, huchangia mfuko wa jamii, na hugawana fedha baada ya mzunguko wa takriban mwaka mmoja. Sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu ambao hakuna kati yao anayetunza sanduku.

Utaratibu huu unastahili kusomwa kama nadharia ya usimamizi iliyokamilika. Kufuli tatu ni mgawanyo wa madaraka. Kuhesabu fedha mbele ya wote ni ukaguzi. Mgawo wa mwisho wa mzunguko ni uwajibikaji wenye tarehe. Aidha, msamiati wake kwa Kiswahili (*hisa*, *mweka hazina*, *faini*, *mgawo*) unamweka mwanachama kama mmiliki. Tofauti kati ya *mwanahisa* na *mlengwa* ni tofauti ya haki ya kuuliza fedha ziko wapi.

Hata hivyo, haifai kuupamba utaratibu huo kupita kiasi. Kikundi ambacho mtaji wake wote unatokana na mgao wa fedha za msaada huyumba mgao unapopunguzwa, na asiye na chochote cha kuchangia hubaki nje ya duara.

5. Uendelevu: kuendelea au kutomaliza?

*Endelevu* limeundwa kwa kanuni ileile iliyozaa *sikivu* kutoka *sikia* na *tulivu* kutoka *tulia*. Mzizi wake ni *endelea*, ndugu wa *maendeleo*. Ripoti ya Tume ya Brundtland ya 1987 ilitumia dhana hii kwa maana ya kukidhi mahitaji ya sasa bila kuwanyima watakaokuja. Umbo la Kiswahili, kwa upande wake, linabeba zaidi wazo la kutokoma.

Kwa hiyo swali la kawaida la mfadhili kuhusu uendelevu husikika hivi: je, mradi utaendelea fedha zikiisha? Ni swali la haki, lakini si swali pekee. Ziwa Nakivale ni sehemu ya mfumo wa ardhioevu wa Mburo na Nakivale, uliotambuliwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar. Ziwa hilo ni chanzo cha maji na samaki kwa wakimbizi na wenyeji, na miti inayolizunguka ni kuni. Mradi unaweza kuendelea vizuri sana huku ukimaliza kuni. Unaweza pia kukoma baada ya kutimiza kusudi lake, kama vile mafunzo ya kutengeneza majiko banifu, na ujuzi ukabaki vijijini.

Hapa kanuni ya Uganda ya kuelekeza takriban asilimia 30 ya misaada kwa jamii wenyeji ina umuhimu wa kimazingira. Mwenyeji na mkimbizi wanakata kuni katika kichaka kimoja. Uendelevu usiowahusisha wote wawili katika lugha wanayoelewana ni uendelevu wa karatasi.

6. Miliki bunifu: haki iliyosahaulika

Kati ya dhana zote, miliki bunifu ndiyo iliyojadiliwa kwa uchache zaidi katika makazi, ingawa ina msingi wa kale. Kifungu cha 14 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1976, kinampa mkimbizi katika nchi anayoishi ulinzi uleule wa raia kuhusu uvumbuzi, michoro, alama za biashara, majina ya biashara na kazi za fasihi, sanaa na sayansi. Ni miongoni mwa vifungu vichache vya Mkataba vinavyomweka mkimbizi sawa na raia, si sawa na mgeni mwingine.

Hata hivyo, Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inaeleza kwamba, pasipokuwa na makubaliano tofauti, hakimiliki ya kazi iliyobuniwa katika ajira ni ya mwajiri, na ile iliyobuniwa chini ya maelekezo ya Serikali au chombo cha kimataifa kilichoainishwa ni ya Serikali au chombo hicho. Maneno *pasipokuwa na makubaliano tofauti* ndiyo yenye uzito. Mchoraji wa mabango ya afya, mtunzi wa igizo la uhamasishaji, na mkalimani anayebuni istilahi ya Kiswahili kwa mwongozo wa mafunzo wanaweza kujadiliana kuhusu jina lao na haki yao kabla ya kazi kuanza. Hawawezi kufanya hivyo ikiwa mkataba uko katika lugha wasiyoisoma.

Istilahi zenyewe zinachangia ugumu. *Hakimiliki* limezoeleka kwa kazi za sanaa na maandishi. *Miliki bunifu* na *mali ya kiakili* yanashindana kwa dhana pana. Asiyekuwa na jina la haki hawezi kuidai.

7. Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa inaonyesha kwamba tatizo la Nakivale halijawahi kuwa ukosefu wa usimamizi. Elimu ya kusimamia mifugo, akiba na hatari ilikuwapo kabla ya fomu ya kwanza ya mradi. Kilichokosekana ni uhakika wa kubaki na mali, na lugha ya pamoja kati ya anayepanga na anayepangiwa.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, mikataba ya kazi za ubunifu na miongozo ya miradi itolewe pia kwa Kiswahili, na ikague maana za *kujitegemea* na *uendelevu* pamoja na wakazi kabla ya kuchapishwa. Pili, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kwa kushirikiana na vyombo vya Kiswahili vya kanda, kiandae faharasa ya usimamizi inayotambua istilahi za Nakivale na kuwataja waliozibuni. Tatu, taarifa za miradi ziache kuhesabu walengwa pekee na zianze kueleza ni nani anashika funguo, ni nani anahesabu fedha, na ni nani anabaki na kilichotengenezwa mradi unapofungwa.