Watani wa jadi

Watani wa jadi ni timu mbili zinazoshindana kwa miaka mingi na kuchokozana bila kununiana. Mtani hutokana na kitenzi tania, yaani kufanyia mtu mzaha. Jadi ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya ukoo au mambo yaliyorithiwa kwa wazee.

Kabla ya kuingia uwanjani, utani ulikuwa desturi ya makabila. Wangoni na Wahehe wa Tanzania walipigana vikali karne ya 19, kisha wakawa watani: mmoja humkejeli mwenzake hata msibani, wala hakuna kukasirika. Katika soka la Tanzania, jina la watani wa jadi hupewa klabu za Yanga (iliyoanzishwa 1935) na Simba (iliyoanzishwa 1936). Nchini Kenya, klabu za Gor Mahia na AFC Leopards huitwa mashemeji, neno jingine la undugu wenye mzaha.

Katika Bonde la Ufa nchini humo, maneno haya hufaa michezo ya shule za sekondari. Shule jirani za Nakuru, Njoro au Gilgil hukutana katika mashindano ya kaunti ndogo, na mshindi huendelea hadi kaunti, kanda, taifa na Afrika Mashariki. Kwa kuwa jirani hukutana mapema, mara nyingi mmoja humfungia mwenzake njia.

Mpinzani ni yeyote anayeshindana nawe siku hiyo; hasimu ana uadui. Mtani hushinda, hucheka, na mwakani hurudi kuchekwa.