Injini kubwa siyo dawa

Nimeadimika kidogo, asaimenti zimenibana. Jana usiku mwenzangu wa chumba, mtu wa fizikia, kaniuliza: hivi zile roketi za mfano, ukiifunga injini kubwa kuliko zote, si ndiyo itapaa zaidi? Nikamwambia tulia, leo utajibiwa na mtu wa historia.

Twende Marekani, 1957. Vijana walikuwa wanajaza baruti kwenye mabomba ya chuma majumbani. Likipasuka, vidole vinakwenda. G. Harry Stine, aliyefanya kazi ya roketi za kweli pale White Sands, akaandika makala kuonya. Orville Carlisle, mwenye duka la viatu Norfolk, Nebraska, akaisoma, akamtumia Stine roketi alizobuni na ndugu yake Robert 1954: bodi ya karatasi, injini ya baruti iliyotengenezwa tayari. Siri ni hiyo karatasi. Mambo yakiharibika, inachanika yenyewe badala ya kurusha vipande vya chuma.

Injini zikapewa herufi. A inaishia newton-sekunde 2.5, na kila herufi inayofuata inaongeza kikomo mara mbili. Ukiona C6-5, maana yake daraja C, msukumo wa wastani newton 6, halafu sekunde 5 za kusubiri kabla ya mwavuli kusukumwa nje.

Miaka ya 1980 watu wazima wakataka makubwa. Wakaingia kwenye mafuta magumu ya amonia pakloreti, injini za H na kuendelea. Hapo karatasi ikaelemewa jamani! Mwendo ukizidi, mapezi yanatetemeka mpaka yanang'oka. Sekunde zikikosewa, mwavuli unafunguka roketi ikiwa bado mbio, na kamba inapasua bodi kama uzi unavyokata mche wa sabuni. Wakahamia fibaglasi. Lakini fibaglasi ni nzito, inadai injini kubwa zaidi, na ikianguka bila mwavuli, ole wako uliye chini.

Kwa hiyo, bwana fizikia, injini unaichagua kwa kuangalia bodi, na swali la kwanza ni itarudije chini.

Wenzangu wa ualimu, siku moja mtoto atakuja darasani na bomba lake la chuma. Tutamchapa, au tutampa karatasi na gundi? Mimi nasimama na yule muuza viatu. Nyie je?